Pointi ya Tatu

Ukosi ulimkaa Nuriati vizuri shingoni, na mtoto hakulia. Daktari Hilda Shemhilu aliona huo ni ushindi. Watoto wengi hupiga mayowe wakivishwa ukosi, ingawa ni kitambaa laini tu chenye masikio madogo yaliyoshonewa ndani, yanayosikiliza jinsi damu inavyopanda kutoka kifuani kwenda kwenye ubongo.

"Haya, niambie," Hilda alimtania, "kati yako na hiyo baiskeli ya mbao, nani alimpanda mwenzake?"

Nuriati alicheka. Alikuwa na miaka minane na pengo la jino la mbele, na asubuhi ile alikuwa akiteremka mlima kwa baiskeli ya mbao ya kaka yake. Kwenye shamba la jirani kulikuwa na waya uliokazwa ili maharage yatambae juu yake. Waya ukamdaka shingoni, baiskeli ikaendelea na safari bila yeye.

Mama yake, Zaina, alikaa ukingoni mwa kiti huku ameubana mtandio kidevuni. Ukutani nyuma yake kiliwaka kioo cha Mizani, ile akili moja iliyounganisha vituo vyote vya watoto nchini. Mizani husikia kile ukosi unachosikia, hungoja majibu ya mzazi, kisha hutoa pointi. Maswali yenyewe Hilda aliyajua kwa moyo.

"Alizimia?"

"Hapana."

"Mkono au mguu wowote umelegea? Sauti imebadilika? Amelalamika kichwa?"

"Hapana, daktari. Amekula, amecheza."

"Na nyumbani je? Mmemkanda? Mmemchua shingo kwa maji ya moto, mafuta, chochote kile?"

Zaina aliurekebisha mtandio wake. "Hapana, daktari. Hatujamgusa."

"Safi sana!" Hilda alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni nje, maana alitaka ifike. "Mnamsikia mwenzenu? Hivyo ndivyo ninavyotaka."

Daktari Hilda hakuwa mtu mbaya, na heri angekuwa, kwa sababu watu wabaya huwa tunajihadhari nao. Yeye alikuwa mtu mwema mwenye haraka ya kuonekana sahihi. Alipofika katika Kituo cha Watoto cha Kwemhanga, juu kabisa milimani, alikuta kila mtoto aliyeumia analetwa akiwa ameshakandwa: viungo vimevutwa, uvimbe umesuguliwa, mifupa iliyovunjika imechuliwa kwa majani ya mkaratusi. Akaanzisha benchi la darasa. Mzazi aliyejibu "ndiyo" kwenye swali la kukanda alikalishwa kwenye benchi mbele ya wenzake, akafokewa, akafundishwa, na kabla ya kuruhusiwa kuondoka aliambiwa aseme kwa sauti: "Sitamkanda mtoto wangu." Jibu la "ndiyo" likapungua mwaka baada ya mwaka hadi likakaribia kutoweka. Wakubwa walimsifu. Vituo vingine vikaweka mabenchi yao.

Mizani ikamaliza kusikiliza. Kioo kikasema kwa sauti yake ya upole isiyo na umri:

"Ajali ya kukabwa na waya, pointi moja. Mlio wa damu upande wa kushoto una mashaka kidogo, pointi moja. Alama ya shingoni imefifia bila kukandwa, hivyo jeraha ni la juujuu, hakuna pointi. Jumla ni mbili. Mtoto aende nyumbani."

Ili mlango wa chumba cha miale ufunguke zilitakiwa pointi tatu. Sheria hiyo haikutungwa kwa ukatili. Katika kizazi cha bibi zake Nuriati watoto walipigwa picha za miale kwa kila kigongo, na walipokuwa watu wazima uvimbe mbaya ukaanza kuwaota kooni. Nchi iliapa kutorudia. Tangu hapo hakuna daktari wa kumulika shingo ya mtoto kwa sababu tu roho yake imesita. Roho ya daktari haimo kwenye pointi.

Hilda alimvua mtoto ukosi na kumuaga kwa kumfinya shavu.

* * *

Nesi Mbwana ndiye aliyeufuta ukosi ule. Alikuwa kijana mrefu, mwepesi wa mzaha, lakini safari hii aliuleta mezani kwa daktari akiwa ameukunjia pua.

"Daktari, hebu nusa."

Hilda alinusa. Mkaratusi, na chini yake mafuta ya nazi yaliyopashwa moto.

Alitoka na koti lake jeupe, akateremka ngazi kuelekea kituo cha magari ya kamba, yale yanayoning'inia juu ya mabonde na kubeba watu pamoja na matenga ya kabichi. Alikuwa akikimbia, na watu waliompisha walishangaa, kwa sababu Daktari Hilda huwa hakimbii. Huwa wanakimbia wengine.

Alimkuta Zaina kwenye foleni akiwa amemshika Nuriati mkono.

"Mama Nuriati, mtoto alikandwa?"

"Nilishakujibu, daktari."

"Ukosi unanuka mkaratusi."

Zaina alitazama huku na huku, akiangalia nani anasikia. Nuriati ndiye aliyejibu, kwa uchangamfu wa mtoto asiyejua watu wazima wanaficha nini. "Bibi alinikanda mpaka nikalia! Hapa na hapa. Akasema damu iliyovia lazima ilainishwe."

"Kwa nini hukuniambia?" Hilda alimuuliza mama yake, na hata yeye aliisikia sauti yake ikianza kupanda kama ilivyozoea.

Zaina alimvuta pembeni. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini alikuwa amekasirika pia. "Nikuambie ili nini? Mdogo wake alipoteguka bega nilikuambia. Nilikwambia ukweli, daktari, sikuficha. Ukanikalisha pale, watu wamejaa, ukaniambia niseme kwa sauti, nikasema, ukasema hujasikia, nikarudia. Mpaka leo sokoni naitwa Mama Sitamkanda. Watoto wananiimbia. Wewe hulijui hilo jina?"

Hilda alikuwa amelisikia. Mbwana alimsimulia siku moja wakinywa chai, na yeye akacheka hadi chai ikampalia. Hakuwahi kuuliza jina hilo ni la nani.

"Turudi juu," alisema. "Tafadhali, mama. Polepole, asiruke ngazi. Nitambeba mwenyewe."

* * *

Walimvisha Nuriati ukosi mara ya pili. Hilda alibadilisha jibu kwenye kioo: mtoto amekandwa shingo, kwa nguvu, saa chache baada ya ajali. Alisubiri pointi ya tatu kwa hakika ya mtu anayesubiri chenji yake. Mtu yeyote aliyesoma udaktari angeitoa pointi hiyo bila kufikiri. Mshipa mkubwa wa shingo una utando mwembamba kwa ndani. Waya ukiupiga, utando unaweza kuchanika bila tone kuonekana nje. Damu huganda juu ya mchaniko ule. Mtoto anakula, anacheza, anacheka, na donge linazidi kukua kimyakimya mpaka kipande kimeguke kiende kwenye ubongo. Na kama kuna njia ya kukimegua upesi, ni kuisugua shingo ile kwa mikono yenye nguvu na mapenzi.

"Jumla ni mbili," Mizani ilisema. "Mtoto aende nyumbani."

"Hujanielewa. Amekandwa."

"Nimeelewa. Katika watoto wote ninaowakumbuka ambao wazazi walisema wamekandwa shingo, hakuna hata mmoja aliyepata kiharusi. Waliopata kiharusi wote hawakukandwa. Kukanda hakuongezi pointi."

Mbwana aliguna. "Imechanganyikiwa hii."

"Haijachanganyikiwa," Hilda alisema polepole.

Mizani haikusomea udaktari. Ilijifunza kwa majibu. Waliosema "ndiyo" kwenye kituo hiki walikuwa wachache mno, wale wakweli au wale wageni wasiolijua benchi, na wote walifika mapema. Wengine walisema "hapana". Waliwakanda wanao usiku kucha kisha wakaja hapa na kusema "hapana", na yeye akawasifu kwa sauti ya kufika nje. Kila sifa aliyoitoa ilikuwa somo kwa Mizani kwamba alama ya shingoni hufifia yenyewe, kwamba ikififia hakuna ubaya, kwamba mtoto aende nyumbani. Mizani ikavifundisha vituo vyote. Alidhani amewafundisha wazazi kutokanda. Kumbe aliwafundisha kumwogopa yeye tu, na mashine ikasoma hofu ile ikadhani ni tiba.

Kisha akamkumbuka Shafii.

Shafii aliletwa mwaka uliopita baada ya kugongwa shingoni na tenga lililokatika kwenye kamba. Pointi mbili. Mama yake alisema "hapana" na akapongezwa. Kesho yake alirudi amembeba mgongoni, upande wa kulia wa mtoto umekufa, maneno yamempotea. Hilda alilia siku ile, halafu akasoma pointi zake tena na kujiambia kwamba hakuna aliyekosea. Alikuwa amelala vizuri mwaka mzima kwa kujiambia hivyo.

"Daktari," Mbwana alisema kwa sauti ya chini, "ongeza kwamba alizimia. Neno moja tu. Mlango utafunguka, tutamwona ndani, maisha yaende. Mama yake hatakataa. Nani atajua?"

Hilda alikuwa ameshalifikiria. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya swali la kwanza. Alilibonyeza: alizimia. Maandishi yakatokea kwenye kioo, yaleyale ambayo hutokea siku zote na ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiyaruka bila kuyasoma. *Jibu hili litafundisha vituo vyote. Unathibitisha?*

Watoto wangapi waliozimia kweli wangekuja kupimwa kwa kulinganishwa na Nuriati ambaye hakuzimia? Hakujua. Labda uongo mmoja usingedhuru kitu. Ndivyo na akina mama walivyofikiri, kila mmoja kwa uongo wake mmoja.

Njia nyingine ilikuwepo. Iliitwa tangazo la shaka, na ni mganga mkuu wa kituo peke yake, yaani yeye Hilda, aliyeruhusiwa kulitoa. Angetangaza kwamba majibu ya Kwemhanga hayaaminiki. Papo hapo mlango wa miale ungefunguka kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini Mizani ingeyafuta majibu yote ya kituo, ingekitoa Kwemhanga kwenye mtandao hadi kichunguzwe, na watoto wa milima hii wangepimwa kwa macho na mikono kama zamani. Sababu ingesomwa katika kila kituo nchini. Na kila familia iliyowahi kuambiwa "aende nyumbani" ingeitwa upya na kuulizwa upya.

"Ukitangaza," Mbwana alimwambia, maana alimwona anakitazama kitufe chekundu cha tangazo hilo, "watakuondoa. Halafu huku juu atabaki nani? Mtoto kwanza, daktari. Dhamiri baadaye."

Maneno yake yalikuwa na akili, tena yalikuwa na huruma. Hilda alitamani sana kuyafuata. Alijichunguza ni kwa nini anayatamani kiasi kile, na jibu alilolipata lilimchukiza: hakuwa anawaza milima itabaki na nani. Alikuwa anawaza kwamba akidanganya, hakuna atakayejua habari za benchi.

Nuriati aliketi kitandani akibembeza miguu. "Daktari, naumwa?"

"Ndiyo, mwanangu," Hilda alisema. "Inawezekana unaumwa."

Akafuta neno "alizimia". Akabonyeza kitufe chekundu, na Mizani ilipouliza sababu, akasema kwa sauti, Zaina akiwa anasikia: "Wazazi wa hapa hawasemi kweli kwa sababu niliwaaibisha waliposema kweli."

Mlango wa miale ukafunguka.

* * *

Picha ilionyesha mshipa wa kushoto, na ndani yake, juu kidogo ya pale waya ulipopita, utando umechanika na kukunjuka. Donge lilikuwa limeng'ang'ania pale, ncha yake inatikisika kila moyo unapopiga. Hilda alimwonyesha Zaina kwa kidole, kwa sababu alikuwa amechoka kuwaficha watu mambo kwa faida yao.

Kwanza alihakikisha hakuna damu iliyovuja kwenye ubongo. Ingekuwepo, dawa ya kuzuia damu isigande ingemuua badala ya kumponya. Haikuwepo. Ndipo akafungua dripu, na nyuma ya dawa akaingiza kiraka: maji yenye weupe kidogo, yaliyojaa chembe zinazotafuta utando uliochanika na kuushona, na ambazo huendelea kukua pamoja na mshipa wa mtoto mpaka awe mtu mzima. Nuriati alilalamika kwamba vidole vya mkono wa kulia vinamwasha. Hilda alimshika vidole vile na kumwambia avikunje, avikunjue, avikunje. Hakuviachia. Kwa muda kidole kidogo kilikuwa hakimtii, na katika muda ule Hilda alimwomba Mungu kwa maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu utotoni. Kisha kikatii.

Jua lilipoanza kuegemea milimani picha ya pili ilionyesha donge limepungua, na ukingo wa kiraka umeshika. Zaina alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akalia bila kujificha.

"Daktari," alisema alipoweza kusema, "mama yangu asijue. Nakuomba. Yule mtoto ndiye pumzi yake. Akijua kwamba ni mikono yake..."

Hilda alichuchumaa karibu naye. Jana angekuwa na jibu la haraka, jibu sahihi lenye hotuba ndani yake.

"Waya ndio uliomchana," alisema. "Mikono ya bibi ingeweza kumwongezea, sitakudanganya. Lakini mngefika hapa asubuhi mkaniambia, na mimi ningekuwa mtu wa kuambiwa, tungemwona mapema. Mwambie bibi hilo la pili kwanza. Mwambie daktari amesema kosa kubwa ni lake."

Zaina alimtazama kwa muda mrefu, hakusema kama amemsamehe. Hilda hakuuliza.

* * *

Majina yalishaanza kushuka kwenye kioo cha ofisini, familia moja baada ya nyingine. Mbwana alijitolea kupiga simu. Alisema ana sauti nzuri zaidi, na kwamba watu wakimsikia daktari watakata. Hilda alimshukuru, akachukua simu mwenyewe, na hakuanza na jina la juu. Alitafuta la Mama Shafii.

Simu ilipokelewa haraka. Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na mtoto anayejaribu kuimba wimbo wa shule, anakwama kwenye neno, anarudia, anakwama palepale.

"Mama Shafii, ni Daktari Hilda wa Kwemhanga."

"Shikamoo, daktari." Sauti ilibadilika hapohapo. "Kliniki yake si wiki ijayo?"

"Si kliniki. Nataka kukuuliza swali nililokuuliza mwaka jana. Safari hii hakuna benchi. Hakuna kitu kitakachokupata. Nahitaji kujua kwa ajili ya watoto wengine. Siku ile kabla hujaja kwangu, mlimkanda?"

Mtoto aliimba. Akakwama.

"Tulishasema hapana," mama alisema.

"Najua. Najua pia kwa nini mlisema hivyo. Nilikufanya uniogope mimi kuliko ugonjwa wa mwanao. Kosa hilo ni langu, na nimelitangaza leo, utalisikia. Nakuuliza tu ukweli."

Hilda alitazama simu aone kama imekatika.

"Nikisema ndiyo," mama aliuliza mwishowe, "ndiyo kusema mimi ndiye niliyemlemaza?"

Hapa ndipo Hilda alipotamani uongo kuliko alivyoutamani mchana kutwa. Ungekuwa uongo mtamu, wa huruma, na mashine isingeusikia.

"Sijui," alisema. "Huenda kukanda kulichangia. Huenda angeugua vilevile. Mimi nilikuwa na uwezo wa kuona na sikuona. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika."

"Tulimkanda," mama alisema. Yalimtoka mara moja, yote pamoja. "Baba yake alichemsha maji. Mimi nilikanda. Alikuwa analia, anasema mama basi, mama basi, nikamwambia baba yake amshike miguu. Nilikanda mpaka akalala. Nilidhani amelala kwa nafuu."

Hilda alifumba macho. "Ahsante, mama. Ahsante kwa kuniambia."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Hunifokei?"

"Sifoki, mama. Sitafoka tena."

"Nifokee," Mama Shafii alisema, na sasa alikuwa akilia. "Daktari, tafadhali. Mwaka mzima nalala na jambo hili, watu wote wananiambia pole, pole, hakuna anayejua ananiambia pole ya nini. Nifokee hata kidogo."

Hilda, ambaye hajawahi kukosa neno la kumwambia mama wa mtu, alifungua mdomo na hakupata hata moja. Alibaki ameshika simu sikioni, wakalia wote wawili, huku upande wa pili Shafii akianza wimbo wake upya.